Soma Taa Kwanza, RESET Baadaye: Mwongozo Kamili wa Kuijua Ruta Yako

Kila wiki hapa kibandani kwangu Ngamiani, Tanga, analetwa mgonjwa wa aina moja: ruta nzima, haijaungua, haijadondoka, ila mwenyewe ameichokonoa kwa pini mpaka imesahau kila kitu. Intaneti ilikatika, akaona taa nyekundu, jirani akamwambia "bonyeza reset". Akabonyeza. Tatizo la waya uliolegea likageuka tatizo la akaunti, na nyumba nzima hakuna anayeijua akaunti hiyo.

Nimelieleza jambo hili kwa mdomo hadi nimechoka, na ruta bado zinaletwa. Basi leo naliandika hatua kwa hatua. Ukimaliza utaweza kusimama mbele ya ruta dakika mbili ukasema ugonjwa uko upande gani: umeme, mstari wa nje (waya au mawimbi yanayoleta intaneti nyumbani), akaunti, waya wa ndani au Wi-Fi. Si lazima uwe mtu wa kompyuta.

## Vitu vya kuwa navyo mkononi

- Simu yenye kamera na tochi.
- Waya mfupi wa mtandao ambao una hakika ni mzima. Huu ni muhimu kuliko vyote. Ununue, uufunge kwa tepu nyekundu, na usimwazime mtu.
- Mswaki wa zamani, mkavu, uliooshwa ukaisha dawa ya meno.
- Tepu ya karatasi na kalamu ya wino usiofutika.
- Daftari.
- Multimita, yaani kipimo cha umeme, kama unayo. Huna, endelea tu.

Pini ya kubonyezea RESET usiilete mezani. Iache huko huko iliko.

## Hatua ya 1: Soma lebo iliyo chini

Igeuze ruta taratibu bila kuvuta nyaya zake. Chini utaona karatasi yenye maandishi madogo. Ipige picha mbili, moja ya mbali na moja ya karibu, kabla joto na vumbi havijaifuta.

Tafuta mambo haya: jina la modeli, namba ya kifaa, mara nyingi imeandikwa S/N, MAC, yaani kitambulisho cha kifaa kwenye mtandao, chenye herufi na tarakimu 12, jina la Wi-Fi na nywila yake ya kiwandani, anwani ya kuingilia kwenye mipangilio, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1, na umeme inaoutaka, mfano 12V 1A.

Kwa nini tuanze huku? Kwa sababu maana ya rangi za taa hubadilika kutoka kiwanda hadi kiwanda. Ninayokueleza hapa ni kawaida ya ruta nyingi, lakini likigongana na kitabu cha modeli yako, kitabu ndicho kinachoshinda. Bila jina la modeli hukipati hicho kitabu.

Tahadhari: picha hiyo usiirushe kwenye kundi la WhatsApp ukiomba msaada. Ina nywila.

Umefaulu kama unaweza kumtajia fundi modeli yako kwenye simu bila kusema "ile nyeupe yenye masikio mawili".

## Hatua ya 2: Jua ni kifaa cha aina gani

Watu huita kila kisanduku chenye taa "ruta". Tazama kinachoingia kutoka nje.

Kikiingia kiwaya chembamba chenye kichwa cha plastiki, mara nyingi cha kijani au bluu, hicho ni kifaa cha faiba, yaani waya unaopitisha mwanga. Kama kuna mahali pa kuweka laini ya simu, ni ruta ya laini. Unapoingia waya wa mtandao wenye kichwa kipana cha pini 8 kwenye tundu lililoandikwa WAN au INTERNET, hiyo ni ruta ya kawaida, na kuna kifaa kingine mbele yake kinachoilisha. Matundu 5, 8, 16 au 24 yanayofanana, bila WAN na bila antena, ni swichi. Kazi yake ni kugawa tu.

Nyumba nyingi zina viwili, kifaa cha faiba na ruta ya kuongeza Wi-Fi. Basi tenga ukurasa mmoja wa daftari kwa kila kifaa. Taa za viwili zikichanganywa, utamtibu asiyeumwa.

## Hatua ya 3: Tambua matundu ya nyuma, kisha uyaandikie

Hapa usiharakishe.

Tundu la umeme. La mviringo, limeandikwa POWER au DC. Karibu yake huwa kuna kitufe cha ON/OFF. Kiguse kwanza. Nimewahi kupanda pikipiki hadi Pongwe kwenda kubonyeza kitufe hicho kimoja; mtoto alikuwa amepita nacho akicheza.

WAN. Huwa moja tu, na viwanda vingi huipa rangi yake peke yake, mara nyingi bluu. Hapa ndipo intaneti inapoingilia.

LAN. Kwa kawaida 1 hadi 4, nyingi za njano au rangi ya chungwa. Hapa intaneti inatokea kwenda kompyuta, televisheni au swichi. Kosa ninalolikuta kuliko yote ni waya wa intaneti kuchomekwa kwenye LAN. Kichwa kinaingia sawasawa, taa inawaka, kila kitu kinaonekana kizuri, na intaneti haipo. Tundu halimkatai mgeni asiyealikwa.

Tundu dogo la simu ya mezani. Jembamba kuliko LAN, limeandikwa DSL, LINE au TEL. Usilazimishe kichwa cha waya wa mtandao humo.

Tundu la faiba. Liko chini au ubavuni, limeandikwa PON au OPTICAL. Humu unapita mwanga wa leza ambao jicho haliuoni. Usichungulie ndani ya tundu wala ncha ya waya, hata kama huoni kitu. Ncha hiyo usiiguse kwa kidole pia, maana jasho kidogo linatosha kuziba njia ya mwanga.

USB. Ipite.

WPS. Kitufe cha kuunganisha simu bila nywila. Ukikibonyeza, taa yake hupepesa kama dakika mbili kisha hutulia. Hakuna kilichoharibika.

RESET. Kitundu kidogo kama cha hereni. Tutarudi kwake mwisho.

Sasa kata vipande vya tepu, uandike jina kwenye kila *waya*, karibu na kichwa chake: "KUTOKA NJE", "TV", "DUKANI". Tepu ya kwenye kifaa haikusaidii siku mfagiaji atakapochomoa nyaya zote kwa pamoja.

Wakazi wa Raskazone, Sahare na kote ambako upepo wa bahari unaingia dirishani, ongezeni kazi moja. Zima umeme, mulika tochi ndani ya matundu ya LAN na WAN. Pini 8 zinatakiwa zing'ae rangi ya dhahabu. Zikiwa na ukungu wa kijani au weusi, chumvi imeshafika. Zisugue polepole kwa mswaki mkavu. Zikikataa, tumia spiriti ya kusafishia kidogo, uiache ikauke kabisa kabla ya kuwasha. Maji hapana. Mafuta ya kulainishia bawaba hapana, hata kama fundi wa milango ameyasifia.

Umefaulu kama mtu mwingine wa nyumbani anaweza kurudisha kila waya mahali pake kwa kusoma tepu tu.

## Hatua ya 4: Ihakiki adapta

Adapta mbovu inadanganya. Taa ya umeme inawaka, wewe unaridhika, kumbe umeme unaofika hautoshi. Dalili yake ni kwamba ruta inajizima na kujiwasha yenyewe, hasa jioni watu wakiwa wengi kwenye Wi-Fi.

Linganisha maandishi ya OUTPUT kwenye adapta na yale ya lebo ya ruta:

Volti lazima zifanane. 9V kwa 9V, 12V kwa 12V. Hakuna "inakaribiana".

Ampea ziwe sawa au zaidi. Ruta ya 1A inaweza kutumia adapta ya 2A, maana ruta huchukua inachohitaji tu. Kinyume chake ndicho kinacholeta hayo ya kuzima na kuwaka.

Mchoro wa duara wenye alama ya kujumlisha na kutoa ufanane pia. Unaonyesha upande upi wa kichwa ni chanya, na kwa ruta nyingi chanya ni katikati.

Kichwa cha adapta ya king'amuzi kinaweza kuingia kwenye ruta bila shida yoyote, na hapo ndipo mtego ulipo. Kuingia si kulingana. Soma kwanza.

Kama una multimita, pima kwenye kichwa: adapta ya 12V isome karibu na 12. Ikisoma 9, au namba ikawa inacheza, itupe. Ila nayo ikisoma 12 usiipe cheti bado, kwa kuwa adapta nyingine husoma vizuri ikiwa haina mzigo, ikianguka mara ruta inapoanza kazi. Jaribu nyingine inayolingana. Vuguvugu ni kawaida. Ikikuunguza kidole si kawaida.

## Hatua ya 5: Iwashe na utazame mwanzo wake

Zima, hesabu hadi 30, washa. Washa kamera ya simu urekodi video tangu sekunde ya kwanza. Video hii ni ushahidi bora kuliko maelezo ya "zilikuwa zinawaka waka tu".

Ruta nyingi huwasha taa zote kwa mpigo mmoja kisha huzizima. Inajikagua, isikutishe. Baadaye zinarudi moja moja: umeme, mstari, Wi-Fi, na intaneti mwishoni. Kazi hii huchukua kati ya dakika moja na tatu, na vifaa vya faiba vinaweza kuchukua zaidi kidogo.

Tahadhari: usihukumu taa yoyote kabla ya dakika tano. Bibi mmoja wa Makorora aliniambia, "Mwanangu, kila nikiiwasha inaanza upya." Nikamuuliza, "Bi mkubwa, unaisubiri muda gani kabla ya kuizima tena?" Akacheka mwenyewe.

Mzunguko huu ukijirudia bila wewe kugusa kitu, rudi hatua ya 4. Adapta yako imeshachoka.

## Hatua ya 6: Soma taa kwa mpangilio, kutoka umeme kwenda nje

Usiikimbilie nyekundu. Anza na taa ya umeme, ikiwa sawa nenda ya pili. Ya kwanza itakayokataa ndiyo ugonjwa. Zinazofuata ni homa yake tu.

POWER. Ikiwaka na kutulia, pita. Imezima kabisa: angalia soketi, ekstensheni, kitufe, adapta. Ikibaki nyekundu au ikapepesa bila kikomo baada ya dakika tano, kwa ruta nyingi maana yake programu ya ndani haikuamka.

PON na LOS, kwa wenye faiba. Hapa watu wengi wanaisoma kinyume. LOS ni taa ya kulalamika. Ikiwa *imezima*, mambo ni mema. Ikipepesa nyekundu, mwanga haufiki kwenye kifaa: waya umepindwa, umekatika, umechafuka, au tatizo liko huko nje barabarani. Hapo hakuna unachoweza kukiponya kwa kubonyeza.

PON ikitulia kijani, kifaa kimetambuliwa na mtoa huduma. PON ikipepesa huku LOS imezima, mwanga unafika lakini kifaa kinabisha hodi na hakijafunguliwa. Subiri dakika tano, kisha piga simu kwa mtoa huduma ukiwa na S/N mkononi.

Kabla ya kupiga, fuata kiwaya cha faiba kwa macho hadi kinapoingilia ukutani. Kipo chini ya mguu wa kochi? Kimebanwa na mlango? Kimekunjwa kwa ukali? Kisipindwe kwa mduara mdogo kuliko mdomo wa glasi ya chai. Ukikilegeza na LOS ikazima, umejiponya mwenyewe. Kichwa chake usikichomoe "kujaribu".

Taa za mnara, kwa wenye ruta ya laini. Kistari kimoja au nyekundu: isogeze ruta dirishani, juu, mbali na friji na bati. Nyumba za zamani za mjini zenye kuta nene zinameza sana mawimbi. Ikionyesha hakuna laini, zima, toa laini, futa sehemu ya dhahabu kwa kitambaa kikavu, irudishe kwa kufuata kona iliyokatwa.

INTERNET au alama ya dunia. Kama taa za mstari ni nzuri na hii ni nyekundu, ya chungwa au imezima, waya hauna kosa. Mara nyingi tatizo ni akaunti: kifurushi kimeisha, malipo hayajaingia, au jina na nywila ya akaunti vimefutika, na hao ndio wagonjwa wangu wa RESET. Ikiwa kijani lakini simu haifungui kitu, jaribu simu ya pili. Ya pili ikifungua, ruta haina kesi.

LAN 1 hadi 4. Inayowaka ina kifaa kilichowashwa upande wa pili. Inayopepesa ina data inayopita, na kupepesa huku ni uzima. Imezima wakati waya umechomekwa: kifaa cha upande wa pili kimezimwa, au waya umekufa. Chomeka ule waya wako wa tepu nyekundu. Taa ikiwaka, wa zamani ndio mbovu.

WLAN, au 2.4G na 5G. Zikizima zote, huenda kitufe cha Wi-Fi ubavuni kimebonyezwa. Hii 5G ya kwenye ruta ni mawimbi ya gigahezi 5, haihusiani na 5G ya simu. Ina kasi ila haipendi kuta. Chumba cha nyuma tumia 2.4.

Umefaulu kama unaweza kuandika daftarini mstari kama huu: "POWER kijani, PON kijani, LOS imezima, INTERNET nyekundu, LAN 2 inapepesa." Msomee huo mtu wa huduma kwa wateja, na utaona atakavyoacha kukuambia "zima halafu uwashe".

## Hatua ya 7: Taa ndogo za pembeni ya tundu

Swichi, kompyuta na baadhi ya ruta zina taa mbili ndogo juu ya kila tundu la mtandao. Mara nyingi moja husema kama kuna muunganiko na data, nyingine husema kasi. Rangi zinatofautiana sana, kwa hiyo usikariri; linganisha.

Chomeka kompyuta kwa waya wa tepu nyekundu, uandike rangi. Badilisha, weka waya unaoutilia shaka, kwenye tundu lile lile na kompyuta ile ile. Rangi ya kasi ikibadilika, waya una jeraha.

Sababu ni hii: kasi ya megabiti 100 hutumia nyuzi 4 tu kati ya 8 zilizo ndani ya waya, zile za pini 1, 2, 3 na 6. Kasi ya megabiti 1000 hutumia zote 8. Uzi wa bluu au wa kahawia ukikatika, vifaa vinaweza kushuka kwenye 100 vikaendelea kimya kimya. Intaneti ipo, unalipia faiba ya kasi, lakini haivuki 100. Panya wa darini anaweza kukutesa hivyo mwaka mzima. Angalia pia urefu: waya wa kawaida wa shaba usizidi mita 100.

## Hatua ya 8: Kama una swichi, duka au darasa

Ukichomeka waya kwenye swichi za Cisco za aina ya Catalyst, taa ya tundu hukaa rangi ya chungwa kama nusu dakika, kisha hugeuka kijani. Swichi inahakikisha hakuna mzunguko, yaani njia inayoirudisha data pale pale bila mwisho, kabla ya kuiruhusu ipite. Mwache amalize. Taa ya SYST ndiyo afya ya swichi yenyewe: kijani ni nzima, rangi ya chungwa ni kwamba umeme upo lakini kifaa hakifanyi kazi ipasavyo.

Swichi za bei nafuu nyingi hazina ulinzi huo. Dalili ya mzunguko huwezi kuisahau ukiiona mara moja: taa *zote* zinapepesa kwa kasi kwa pamoja, kama mwanga wa disko, na mtandao wote unakufa. Tatizo hili nililikuta kwenye sehemu moja ya kuchapisha huko Chumbageni. Mfagiaji aliona waya unaning'inia, akaona si vizuri, akauchomeka kwenye tundu lililokuwa wazi. Ncha yake ya pili ilikuwa tayari kwenye swichi ile ile. Dawa: chomoa waya mmoja mmoja ukitazama taa, hadi zitulie. Uliochomoa mwisho ndio mkosaji.

Wenye antena ya intaneti juu ya paa wana kisanduku kidogo chenye matundu mawili, LAN na POE. POE hupandisha umeme kwenda kwenye antena. Usiwahi kuingiza waya huo wa POE kwenye kompyuta. Baadhi ya visanduku hivi hutoa umeme bila kuuliza kilichopo upande wa pili, na tundu la kompyuta linaweza kuungua.

## Hatua ya 9: Lini sasa RESET?

Kuzima na kuwasha hakufuti chochote. Fanya hivyo mara nyingi upendavyo. RESET hufuta jina la Wi-Fi, nywila, na mara nyingi jina la akaunti ambalo ruta hutumia kujitambulisha kwa mtoa huduma. Wi-Fi utaipata tena kwenye lebo. Akaunti haipo kwenye lebo.

Bonyeza kwa sababu mbili tu: umesahau nywila ya mipangilio, au mtoa huduma mwenyewe amekuagiza akiwa kwenye simu. Taa nyekundu peke yake si sababu.

Kabla hujabonyeza, ingia kwenye mipangilio kama bado unaweza, upige picha ukurasa wa WAN. Kama pameandikwa PPPoE, yaani ruta huingia kwa mtoa huduma kwa jina na nywila, hakikisha una jina na nywila ya akaunti kutoka kwa mtoa huduma, kwenye karatasi, mkononi, sasa hivi.

Kisha: ruta ikiwa imewashwa, ingiza ncha butu, shika kama sekunde 10 hadi taa zote zizime au zipepese pamoja, achia. Usichomoe umeme hadi taa ya POWER itulie, hata kama umeona kimya kirefu. Kukata umeme katikati kunaweza kuiacha bila programu, na hapo hata mimi nitakuwa nakuuzia nyingine.

Ruta za wateja wangu huwa nakiziba kitundu hicho kwa tepu nyeusi na kuandika juu yake namba yangu ya simu.